Kutoka Ujiji Hadi Simi-Simi

Watu wa Ujiji walianza kwenda Kisangani tangu zamani za misafara. Walivuka Ziwa Tanganyika kwa majahazi, wakashika njia ya Kasongo na Nyangwe, kisha wakateremka na mto Lualaba mpaka kwenye maporomoko. Hamad bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliijua njia hiyo kuliko wote, na mwaka 1887 akawa liwali wa Stanley Falls, kama palivyoitwa wakati ule, kwa makubaliano na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walikwenda na nguo, shanga na baruti. Walirudi na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo. Sisi tuliozaliwa Ujiji tumekulia juu ya historia hiyo, na si haki kuitaja nusu.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kuujua mji ule. Mwishoni mwa mwaka 2000 familia moja ya Kisangani ilishuka bandarini Kigoma ikiwa na watoto watatu na mabunda ya nguo. Baba yangu alikuwa na vyumba vitupu vya uani, akawapa. Kodi ilitajwa siku ile ya kwanza na haikutajwa tena. Baba wa familia ile alikuwa fundi wa injini za boti, na kwenye ziwa letu fundi wa namna hiyo hakosi mkate. Mkewe alikuwa mshonaji. Sisi watoto wa nyumba tulimwita mama yule Mama Mkubwa, na mumewe tukamwita Papa kama walivyomwita wanawe. Binti yao wa kwanza alinizidi mwaka mmoja. Tulilala kitanda kimoja, tukaenda bombani pamoja na kusukana nywele, na mpaka leo nikisema "dada" pasipo kutaja jina, nyumbani kwetu wanajua namsema nani.

Baada ya uchaguzi wa Kongo wa mwaka 2006 Papa alianza kuzungumzia kurudi, na hatimaye wakarudi kweli, kwenye kiwanja chao cha Simi-Simi, mtaa wa upande wa magharibi ya Kisangani, kando ya mto, katika komuni ya Makiso. Dada hakwenda nao. Alikuwa ameolewa na kijana aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, na kwa ule mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwapatia wakimbizi makazi katika nchi ya tatu, mume na mke wakapelekwa Australia. Wanaishi Albury, mji uliopo mpakani mwa New South Wales na Victoria, ambako Wakongomani ni wengi kiasi kwamba Jumapili unaweza kusali, kununua unga wa muhogo na kugombana na jirani, yote kwa Kiswahili. Hata redio ya taifa ya SBS ina idhaa ya Kiswahili. Dada anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wanawe wawili wamezaliwa kule.

Kwa miaka mingi alinialika Albury. Nauli ya kwenda Australia ni pesa ya kununulia kiwanja, na tulibaki kuzungumza kwa simu, yeye akinionyesha mto Murray na miti ya kwao iliyopukutika majani wakati wa baridi. Halafu akanipigia akiwa na neno jingine. Likizo ya shule ya Julai 2024 angewapeleka watoto kwa babu na bibi. "Njoo tukutane kwa Papa," akasema. Mimi nilikuwa nakwenda Kisangani kwa mara ya kwanza. Yeye alikuwa anarudi kwa mara ya kwanza tangu alipotolewa akiwa mtoto wa miaka minane.

Hapa nieleze jambo ambalo bado linaniuma. Chukua ramani na rula. Kutoka Kigoma hadi Kisangani, kwa mstari wa ndege, hazifiki kilomita 800. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Maana yake Kisangani ni jirani yetu wa karibu kuliko jiji letu kubwa. Lakini ili nifike kwa jirani huyo ilinibidi niende kwanza Dar es Salaam mashariki, nipande hadi Nairobi, nikatize bara lote mpaka Kinshasa karibu na Atlantiki, kisha nigeuke tena kuelekea mashariki. Jumla ni zaidi ya kilomita elfu tano za angani kufika mahali ambapo wazee wetu walifika kwa miguu na mitumbwi. Njia ya nchi kavu na mto ipo, kupitia Kalemie, Kindu na Ubundu, ila vita na ubovu wa reli vimeifanya kuwa njia ya wasio na njia nyingine.

Kinshasa nililala tu. Mji ule unahitaji masimulizi yake.

Ndege ya Kisangani huruka kwa muda unaopungua kidogo saa mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo chini hakuna kitu ila msitu. Nimekulia kwenye milima iliyokatwa miti, na sikuwa nimewahi kuona kijani kisichokuwa na mwisho. Hakuna mashamba, hakuna mabati yanayometa. Kuna mto tu, mpana, wenye visiwa ndani yake, na mara moja moja moshi mwembamba. Jimbo la Tshopo peke yake lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu laki mbili. Burundi ingeingia humo mara saba.

Uwanja wa abiria ni Bangoka, mashariki ya mji. Papa alikuwa amesimama nje ya kamba akiwa amevaa shati la kitenge. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilipiga goti kumwamkia shikamoo kama tulivyofundishwa nyumbani, na yeye, ambaye mjini kwake watu hawaamkiani hivyo, akaitika marahaba kwa sauti ya Ujiji kabisa, akaniinua. Njia nzima hakuniuliza habari za safari. Aliuliza habari za mama yangu, za magoti yake, za mwembe wa uani, na kama msikiti ule mdogo wa karibu na bomba umeezekwa upya. Alitaka kujua nani amekufa, akawa anawataja kwa majina, na kila nilipothibitisha alinyamaza kidogo ndipo akaendelea.

Jina la Simi-Simi wenyewe wanaliandika kwa kistari, na wakilitamka hulivuta kidogo. Ni mtaa wa miembe na michikichi, nyumba za matofali ya kuchoma na nyingine za udongo, na vichochoro vinavyoteremka mpaka ukingoni. Mto hapo hauna haraka. Umeshapita maporomoko, umetulia, na ni mpana kiasi kwamba mtu wa ng'ambo huwezi kumtambua kama ni mwanamume au mwanamke. Asubuhi mitumbwi hupita imejaa mkaa, ndizi na magunia ya mchele wa kutoka vijiji vya chini.

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimebeba dagaa wa Kigoma, migebuka mikavu, na doti ya khanga kutoka kwa mama. Aliifungua khanga palepale, akaifunga juu ya kitenge alichovaa, na hakuivua siku ile. Dada alitokea nyuma yake akiwa na watoto wake, na tukasahau ukubwa wetu.

Chakula cha jioni kilikuwa lituma, yaani ndizi za kuchemsha zilizotwangwa na kuviringwa, pamoja na samaki wa mto aliyepikwa ndani ya majani, sombe la mawese, na kuku. Kabla ya kuku kuchinjwa Papa alimtuma kijana nyumba ya tatu akamwite mzee mmoja Mwislamu, aje amchinje yeye. Hakuna aliyemkumbusha. Walipokuwa Ujiji, wao Wakatoliki katika nyumba ya Waislamu, ndivyo mambo yalivyokwenda miaka yote, na kwake lilikuwa jambo la kawaida kwamba binti wa nyumba ile akija, mchinjaji aitwe. Mzee yule alikaa kula nasi. Ukoo wake ni wa wale ambao Wabelgiji waliwaita Arabisés, wajukuu wa misafara, na Kiswahili chake kilikuwa na maneno ambayo mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu. Aliniambia babu wa babu yake aliletwa na Waarabu. Hakusema kama alikuja akiwa mfanyabiashara au amefungwa. Nami sikuuliza, kwa kuwa katika koo nyingi za pande hizi, na za kwetu pia, jibu ni vyote viwili.

Wasomaji wa umri wa Papa walilisikia jina la Simi-Simi redioni mwaka 1964, maana uwanja wa ndege wa zamani wa mji uko hapo. Leo ni uwanja wa jeshi, na kupiga picha karibu yake si jambo la kujaribu. Jioni moja Papa alitutembeza kwa mbali kidogo, mimi, dada na watoto, akatuonyesha kwa kidevu tu.

Agosti ya mwaka ule wa 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, uliokuwa ukiitwa Stanleyville, na Septemba kiongozi wao Christophe Gbenye akatangaza jamhuri yao. Wageni waliokuwamo, Wabelgiji, Wamarekani na wengine, wakashikwa mateka. Papa alikuwa na miaka tisa. Asubuhi ya Novemba 24, kiasi cha saa kumi na mbili, alitoka nje kukojoa akaona ndege kubwa zikipita chini, na watu wakianguka kutoka ndani yake wakiwa wamening'inia kwenye vitambaa. Walikuwa askari wa miavuli wa Ubelgiji, zaidi ya 300, walioletwa na ndege za C-130 za Marekani. Baba yake, aliyekuwa akifyeka nyasi uwanjani hapo, alimvuta ndani, na familia nzima ikalala kifudifudi mpaka mchana.

Vitabu vingi vinasimulia siku ile kama habari ya mateka: wengi waliokolewa, na baadhi waliuawa barabarani kabla askari hawajawafikia. Papa anasimulia yaliyofuata. Siku ileile safu ya jeshi la serikali, pamoja na mamluki wa kizungu, iliingia mjini, na kwa wiki kadhaa ilitosha mtu kunyooshewa kidole kwamba alikuwa Simba. Mjomba wake alichukuliwa hivyo. Hakurudi, na hakuna daftari lolote lenye jina lake. "Wazungu waliokufa tunajua hesabu yao," Papa alisema. "Sisi hakuna aliyetuhesabu." Kigoma hatukuwa mbali na vita ile. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka kwetu kwenda kuwasaidia waasi waliobaki milimani, na wazee wetu wanaonyesha mahali. Ni vita moja. Sisi tuliiona kutoka ng'ambo ya maji, wao walikuwa ndani yake.

Asubuhi ya kwenda kwenye maporomoko tuliondoka wote kwa pikipiki, watoto wamebanwa katikati. Zamani Kisangani ilisifika kwa toleka, baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma, na bado zipo, lakini pikipiki zimezishinda. Tulipita katikati ya mji, tukapita kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire linalotazama mto, masoko, na majumba ya Wagiriki na Wabelgiji ya miaka ya 1950 ambayo rangi yake imebaki kivulini tu. Katika mji huu Patrice Lumumba alikuwa mfanyakazi wa posta, na hapa ndipo chama chake cha MNC kilipokuwa na nguvu kuliko popote. Juni 2022 jeneza lenye jino lake, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake, lilipitishwa hapa, na Mama Mkubwa alisimama juani na maelfu ya wenzake kulipokea.

Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana katika umbali wa kilomita kama 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Lililo mjini ni la mwisho, na ni la Wagenia, wavuvi wa hapo. Halina urefu wa kutisha. Maji hayaanguki kutoka juu kama kwenye picha za kalenda. Yanachofanya ni kupita kwa wingi usioelezeka juu ya miamba, na ngurumo yake inaingia kifuani kabla hujaona chochote. Ni kwa sababu ya maporomoko haya Wabelgiji walijenga reli ya Ubundu, kilomita 125, iliyokamilika mwaka 1906, kwani boti ikitoka Kinshasa inasafiri kilomita 1,700 na zaidi, na ikifika hapa inagonga mwisho. Mji wote upo kwa sababu hiyo.

Wagenia wamesimika magogo marefu ndani ya mashimo ya miamba, wakayafunga kwa kamba za porini hadi yakawa kama fremu za nyumba za ghorofa zisizo na kuta, katikati ya maji yanayoweza kumbeba tembo. Kwenye fremu hizo wanatundika migono mikubwa, yenye mdomo mpana kuliko mlango na mkia uliochongoka, mdomo ukielekea juu mto unakotoka. Samaki anayesukumwa na maji huingia, na nguvu ya mkondo haimruhusu kugeuka. Mvuvi aliyetuongoza alitueleza kwamba kila familia ina mahali pake kwenye mwamba, panarithiwa kutoka kwa baba, na mto unapofurika na kung'oa magogo, yule yule mwenye mahali ndiye anayesimika upya. Hapauzwi. Vijana walikuwa wakipita juu ya magogo yale bila viatu, maji yakiwarukia, wakishusha mgono kwa kamba wakati wengine wanauvuta. Samaki waliotoka mbele yetu walikuwa wachache, na mvuvi akakiri kwamba zamani mgono mmoja ulishibisha mtaa.

Mtoto mkubwa wa dada, mwenye miaka kumi, alisimama muda mrefu pasipo kusema. Murray ndio mto mrefu kuliko yote Australia, kilomita 2,508, na yeye kila siku anaupita kwenda shule. Karibu na kwao umezuiwa na bwawa la Hume, na serikali inaamua maji kiasi gani yateremke na lini. Hatimaye aliuliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiingereza: "Nani anafunga huu?" Mvuvi akamjibu kwamba haufungwi, na kwamba babu zake walijifunza kuuomba badala ya kuufunga. Kongo humwaga baharini wastani wa mita za ujazo kama 40,000 kila sekunde, na ni Amazon tu unaouzidi. Dada alikuwa akilia kimya kimya. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ya Australia, watu walipomwuliza atokako, alikuwa akisema jina la nchi na vita, kwani ndicho walichokuwa wanakijua. Hakuwahi kuwa na kitu kingine cha kuwaambia, sababu alitolewa hapa akiwa mdogo mno. Sasa anacho.

Na vita yenyewe siwezi kuiruka, maana ndiyo iliyotupa undugu huu. Juni 5 hadi 10, mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili za kigeni, yalipigana ndani ya Kisangani kwa mizinga, kila moja ikiutaka mji usio wake na almasi zisizo zake. Yalikuwa yamekwisha kupigana hapo Agosti 1999, na tena Mei 2000. Wenyeji wanaiita Vita ya Siku Sita, na mamia kwa mamia ya raia walikufa; wenyewe husema ni zaidi ya elfu moja. Mama Mkubwa alisimulia akichambua sombe, macho yakiwa kwenye majani. Walijifungia katika ujia wa nyumba, watoto chini ya godoro, maji yakaisha siku ya pili. Mtoto wao wa mwisho, ambaye sikuwahi kumjua na ambaye Ujiji hawakumtaja hata mara moja, alikuwa na homa. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mabomu. Kaburi lake liko karibu na nyumba, tulikwenda wote kulisafisha, na dada aliweka hapo kokoto aliyoileta kutoka kingo za Murray.

Februari 9, 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya uvamizi wake, yakiwemo ya Kisangani. Rwanda haikuhukumiwa, si kwa kuwa haikuwapo, bali kwa kuwa haijakubali mamlaka ya mahakama ile. Nchi zote mbili ni wanachama wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kongo nayo imeingia mwaka huohuo 2022. Mimi naamini katika jumuiya hii. Lakini naona ni lazima kila anayeisifia kwenye majukwaa aende kwanza Kisangani, akae na mama kama huyu, amsikilize mpaka mwisho.

Safari ndefu tuliyofanya pamoja ilikuwa ya Yangambi, kama kilomita 100 chini ya mto, kwa boti ya mbao yenye injini ambayo Papa mwenyewe aliikagua kabla ya kuturuhusu kupanda. Boti huzama mara nyingi kwenye mto huu kwa kupakiwa kupita kiasi, na yeye, fundi, alihesabu abiria kwa kidole kabla ya kukubali. Ng'ambo ya pili, Lubunga, hatukukanyaga. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umechoma vijiji na kuwakimbiza maelfu, na kituo cha reli ya Ubundu nilichotamani kukiona kiko upande huo.

Yangambi ilikuwa kitovu cha utafiti wa kilimo cha kitropiki cha Wabelgiji, kilichoanzishwa mwaka 1933, na leo ni cha taasisi ya taifa ya INERA. Nyumba za watafiti zimemezwa na majani, ila kazi haijafa. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa yenye sampuli kama 150,000, kila moja na karatasi yake na maandishi ya mkono, na katika msitu umesimikwa mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa ambayo miti inaivuta na kuitoa. Watoto walipenda mnara. Mimi nilisimama mahali pengine, kwenye michikichi.

Michikichi yetu ya asili Kigoma ni ya kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo ya mafuta. Kuna aina nyingine isiyo na ganda kabisa, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Na kuna ya tatu, tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi. Kwa muda mrefu wakulima walipanda mbegu za tenera wakashangaa kuona mche mmoja umekuwa hivi na mwingine vile. Ni hapa Yangambi, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walipochapisha ithibati kwamba tenera ni mtoto wa aina zile mbili, na kwamba ukiwapandisha wazazi wale kwa makusudi utampata kila mara. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, yanayolisha dunia mafuta ya mawese, yamesimama juu ya ugunduzi huo. Na miche ambayo kituo cha TARI Kihinga kinawagawia wakulima wa Kigoma, aliyopewa mama yangu akaipanda nyuma ya nyumba, ni tenera hiyohiyo.

Nilimweleza mtafiti aliyetupokea kwamba natoka Kigoma na kwamba mama ana miche. Aliuliza inazaa lini, udongo wake ukoje, mvua ni kiasi gani. Tulizungumza kwa Kiswahili, mimi changu cha ziwani na yeye chake cha Kisangani chenye Kilingala ndani, muda mrefu kuliko tuliopangiwa. Aliniambia hajawahi kumwona mtu wa Kigoma hapo. Jambo hilo lilinisikitisha kuliko nyumba zilizoanguka. Wataalamu wa mawese wa pande hizi mbili hukutana kwenye semina za Ulaya na Asia, wakati mawese ni yao, lugha ni moja na umbali ni ule wa rula niliouonyesha.

Usiku wa kuagana dada alimpigia mama yangu simu ya picha kutoka baraza ya Simi-Simi. Mama Mkubwa alijitokeza na khanga yake, Papa akiwa nyuma. Wazee watatu walizungumza wote kwa wakati mmoja, na sisi tukawaachia simu. Walikubaliana kwamba mama hawezi tena safari na Papa hawezi gharama, na kwamba kwa hiyo sisi watoto ndio tutakaokuwa tunakwenda na kurudi. Tumekubali. Zamu ijayo ni ya Albury, Mungu akipenda, na nimeanza kuweka akiba.

Kwa wanaopanga mambo ya usafiri katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nina ombi moja: wekeni ndege, hata ndogo, hata ya mara moja kwa wiki, kutoka Kigoma kwenda mashariki ya Kongo na Kisangani, na siku amani itakaporuhusu, fufueni njia ya ziwa, reli na mto. Abiria wapo. Ujiji, Kasulu, Mwanza, Nairobi na Kampala zimejaa nyumba ambazo miaka ya vita zilipokea Wakongomani, wakala nazo sahani moja, kisha wakarudi kwao na simu zikaanza kupungua. Kama nyumba yenu ni mojawapo, usisubiri ndege hiyo. Ulizia hali ya usalama kwa wenyeji, kata pasipoti, chanja homa ya manjano na ubebe kadi yake, kwa kuwa mpakani wataitaka. Beba dagaa. Halafu nenda ukawaone wangali hai.